Nani anashona usiku?

Shikamoo Shangazi.

Naandika kutoka Tororo. Nina miaka 34, ni mtoto wa pili kati ya watatu, na tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2008 nafanya kazi na baba yangu. Tunashona slipa za ngozi ya kondoo, zile zenye sufu ndani, za kuvaa nyumbani. Baba aliipata kazi hiyo Nakuru enzi za ujana wake, akarudi kwetu mwaka 1994 na kisu kimoja, misharasi miwili na ngozi tatu ndani ya gunia. Watu walimshangaa: nani kwenye joto hili la Tororo atavaa kiatu chenye manyoya? Yeye hakuwa na haja na wateja wa Tororo. Alizipandisha Kapchorwa, kule mlimani ambako kukipambazuka mtu hatamani kukanyaga sakafu. Baadaye akafika Kabale na Kisoro, na miaka ya karibuni tumepata lodji moja upande wa Bwindi inayowawekea wageni slipa chumbani, wakirudi kutoka kuwaona masokwe wa milimani miguu imelowa matope. Slipa hizo zimetusomesha sote watatu.

Ngozi zenyewe hatuzipati hapa. Kondoo wetu wengi wa Uganda wana nywele fupi tu, hawana sufu ya maana, kwa hiyo baba huagiza ngozi za kondoo wa sufu wa nyanda za juu za Kenya, zikiwa zimeshatengenezwa kiwandani, zikaingia kupitia mpaka wa Malaba. Ngozi moja hutupa jozi 2, ikiwa kubwa 3. Ukikosea kukata, hasara hiyo hairudi.

Sasa nikueleze kilichonikosesha usingizi.

Kama miaka miwili iliyopita baba alianza kuhamahama na benchi lake. Alilitoa pembeni akalisogeza dirishani, kisha mlangoni, kisha akalitoa kabisa kibarazani. Akasema ndani kuna joto. Halafu akaacha kutoka jioni, kwa madai kwamba taa za boda zinamchoma macho. Mwaka huu alinikabidhi ngozi ya rangi ya maziwa akaniambia niipange pamoja na nyeupe. Nilipomwambia si nyeupe alinikasirikia, na baba si mtu wa hasira. Nikanyamaza, nikaipanga alipotaka.

Shangazi, sijui kama umewahi kuona kazi hii. Ngozi ya sufu haikatwi kwa mkasi. Unaigeuza, sufu chini, unaivuta ikaze, unakata kwa ncha ya kisu ngozi tu, bila kugusa manyoya. Kisu kikizama zaidi kidogo, kinakata na sufu, na ukija kushona, pale penye mshono panabaki mstari wa upara. Baba ndiye aliyenifundisha. Alinishika mkono nikiwa na miaka 17 akaniambia nisitazame tu, nisikilize: ngozi ikikatika peke yake ina sauti yake, ikikatika na sufu ina sauti nyingine.

Slipa zake siku hizi zina upara. Nyingine mguu wa kushoto ameukata mgongoni mwa ngozi na wa kulia ameukata tumboni, na ngozi ya tumboni hulegea. Mwezi mmoja tu, mguu mmoja umebonyea na mwenzake uko imara. Kuna siku niliokota jozi ambayo miguu yote miwili ni ya kushoto. Na kidole gumba chake cha kushoto hakikosi kitambaa, kila wiki amejikata.

Nikaanza kuzirekebisha. Baba hulala saa 3 usiku. Akishalala nawasha taa, nachukua alizoshona mchana, nafumua, nakata vipande vipya kutoka ngozi zangu, nashona upya, nazirudisha mezani pake zilivyokuwa zimepangwa. Namaliza saa 7, siku nyingine saa 8. Mama anajua. Huniletea chai ya tangawizi, anakaa nami kidogo bila kusema. Mara ya kwanza aliniambia neno moja tu: “Usimvunje baba yako. Benchi lile ndilo linalomwamsha asubuhi.” Ni miezi 8 sasa. Mwanangu wa miaka 9 amezoea kulala taa ikiwaka.

Mwezi wa sita niliugua malaria, nikalala wiki mbili. Katika wiki hizo oda ya jozi 60 ilikwenda lodji bila mimi kuipitia. Jozi 14 zilirudishwa. Kaka yangu mkubwa, anayetuuzia Kampala, akapanda basi akaja. Alisema mbele ya mama kwamba mzee apumzishwe, tununue manyoya ya kitambaa yanayouzwa kwa mita huko Kampala, tuyabandike ndani, nje tuache ngozi, kazi iende kwa mashine. “Mteja hafumui kiatu kutazama ndani,” ndivyo alivyosema. Na akataka biashara iandikishwe kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza. Mdogo wetu, mwalimu huko Mbale, amesema hataki kuingizwa.

Kisha ikafika Jumatatu ya juzi. Baba alichukua slipa moja kutoka mezani pake, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akafika mwisho, akarudia. Yeye hupiga fundo moja na kulifukia ndani ya mshono. Mimi hupiga mawili, kwa sababu moja hunifunguka, na usiku ule nilikuwa nimechoka sikulifukia vizuri. Akauliza, bila kunitazama, “Nani anashona usiku?”

Nikasema, “Hakuna, baba.”

Aliiweka slipa chini taratibu. Akavua aproni, akaikunja, akaingia ndani. Hajakaa kwenye benchi tangu siku hiyo, na leo ni siku ya tisa. Mama anasema tumwache, itapita. Mimi naona haipiti. Nimwambie, Shangazi? Na nikimwambia, si nitakuwa nimempa kaka kile anachokitafuta?

Binti wa Fundi, Tororo

*

Marahaba, mwanangu.

Mwambie. Mwambie wiki hii, kabla kaka yako hajapanda basi tena, na umwambie wewe mwenyewe, usimtume mama.

Baba yako ameshajua. Mtu aliyepiga fundo moja kwa zaidi ya miaka 30 akikutana na mafundo mawili kwenye meza yake, hahitaji kuambiwa ni ya nani, hasa wakati yeye ndiye aliyemfundisha mwenye mafundo hayo. Alikuuliza ili useme, basi. Alikufungulia mlango. Uliposema hakuna, ulimfungia akiwa ndani peke yake, na huko ndiko aliko kwa siku tisa hizi. Nakuambia hivi bila kukulaumu. Hata mimi, kwa kubanwa ghafla namna hiyo, ningejibu hivyohivyo.

Lakini kuna jambo katika barua yako ambalo nataka ulitazame vizuri, kwa sababu nadhani mapenzi yako yamekuzuia usilione. Kwa miezi 8 baba yako aliamka asubuhi akakuta mezani slipa nzuri. Sufu imejaa kwenye mshono, kushoto na kulia vinalingana. Mtu akikuta hivyo atafikiri nini? Atafikiri mkono wake bado uko sawa, kwamba yale mashaka aliyokuwa nayo jana yake ni uchovu tu. Ataketi tena akate ngozi nyingine. Ulikuwa unawaficha wateja makosa yake, na ukamficha na yeye pia. Mtu asiyeona makosa yake hana sababu ya kwenda kwa daktari. Nina hakika hukukusudia hilo hata chembe, ila ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana siwezi kukuambia usubiri.

Na katika barua nzima, kurasa zote hizo, neno daktari halimo. Umeniambia benchi lilivyotembea kutoka pembeni hadi kibarazani, umeniambia taa za boda, umeniambia ngozi ya rangi ya maziwa iliyoitwa nyeupe. Yote uliyaona. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, twende tukapime macho. Nyumba nyingi ziko hivyo kwetu, mzee akianza kupapasa tunasema ni umri, tunamsogezea kiti.

Mimi si daktari na siwezi kupima macho ya mtu kwa barua. Naweza kukuambia kwamba dalili hizo tatu zikiwa pamoja ni zile ambazo watu wenye mtoto wa jicho husimulia kila siku. Ni ukungu unaotanda kwenye lenzi, ndani ya jicho. Huja polepole, hauumi, kwa hiyo mtu hana siku anayoweza kusema ilianza leo. Taa ikimjia usoni mwanga humtawanyikia machoni, na jioni barabarani huwa mateso. Rangi hufifia na kuingia umanjano, nyeupe na rangi ya maziwa huwa kitu kimoja. Kama ni hilo, baba yako hakukosea alipokukasirikia. Alikuwa anakuambia anachokiona.

Mtoto wa jicho hautoki kwa dawa ya matone, wala kwa majani ya kukamulia jichoni, na nakusihi mtu yeyote mwenye majani asikaribie jicho la mzee. Watu wameharibikiwa kabisa kwa njia hiyo. Unatibiwa kwa upasuaji. Lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Kwa kawaida hutiwa ganzi jicho tu, na wengi hawalazwi siku nyingi. Wapo mafundi waliorudi kwenye sindano zao baada ya hapo. Inawezekana pia si hilo. Inawezekana ni presha ya macho, au sukari imeshafika machoni, na magonjwa hayo yana haraka zaidi, kwa sababu uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi, kinachookolewa ni uliobaki. Kwa vyovyote vile, kila mwezi mnaokaa kimya una bei yake.

Na wewe uko Tororo, mwanangu! Watu husafiri kutoka mbali kuja kwenye hospitali ya macho ya Wabenedikto iliyo hapohapo mjini kwenu. Boda moja tu.

Najua utasema baba hatakubali. Jaribu hivi. Wewe umeshona kwa taa hadi saa 8 usiku kwa miezi 8, uzi mweupe juu ya sufu nyeupe. Macho yako nayo yanahitaji kupimwa, na hilo ni kweli, si ujanja wa kumvutia. Mwombe akusindikize, mpimwe wote wawili. Wazee wengi wanaokataa kupelekwa hospitali hawakatai kumpeleka mtoto.

Sasa namna ya kusema. Nenda asubuhi mapema, kibarazani kukiwa na mwanga mzuri, mwanao akiwa shuleni. Chukua slipa mbili: moja aliyoishona yeye peke yake bila kuguswa, kama ipo iliyobaki, na moja ya usiku. Mpe mikononi. Usimwekee mbele ya macho kama mtu anayeonyesha ushahidi barazani kwa mwenyekiti. Anza na kosa lako, si lake. “Baba, uliniuliza nani anashona usiku. Ni mimi. Nilikudanganya, nisamehe.” Halafu unyamaze. Utatamani kuongeza maneno, kumsifu, kumweleza kwamba si makosa mengi. Vumilia ule ukimya, ni wake. Akikuuliza tangu lini, sema miezi 8, usipunguze hata mmoja. Akikuuliza mama alijua, sema alijua, na mama mwambie kabla kwamba utasema hivyo, asije akashtukizwa. Akitaka kujua ni zipi, mwambie zipi. Jozi 14 za lodji zitaje tu akiuliza mwenyewe, sina hakika kama kaka yako hajamfikishia.

Anaweza kuwaka. Anaweza akaondoka. Hata hivyo umemrudishia kitu alichonyang'anywa, nacho ni kujua hali yake mwenyewe.

Nikusimulie kidogo. Mama yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule, Jinja. Nilipokuwa darasa la tano macho yake ya karibu yalianza kukataa, tundu la sindano akawa halioni. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimtungia uzi kwenye sindano kumi, tano nyeupe, tano bluu, nikazichomeka kwa mstari kwenye pazia karibu na cherehani. Wateja walikuwa wanaziona zimening'inia pale. Hakuna aliyeficha. Sindano ya kumi ikimalizika, kama sijarudi, alimwita mtoto yeyote anayepita njiani, na mtoto akapata kipande cha muwa. Ndivyo alivyoshona miaka mingine mingi, hadi alipopata miwani. Nafikiria sana pazia lile nikisoma habari za taa yako ya usiku. Msaada ulikuwa uleule, mkono wa mtoto kwenye kazi ya mzazi. Tofauti ni kwamba wa kwetu ulikuwa mchana.

Baba yako naye anaweza kubaki na kazi yake mchana, macho yapone au yasipone. Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wewe na kaka yako mnapokosea pamoja: wote mnaona kazi ya mzee ni kisu. Kisu akiweke chini leo, na kidole chake kikapone. Lakini mtu aliyegundua fundo la ziada kwa kidole gumba ana vidole vya kuchagua ngozi. Mpe ngozi, aibane kati ya vidole kutoka shingoni hadi mkiani, akuambie wapi ni nene, wapi tumbo linaanza kulegea, wapi kuna kovu la mwiba lililofunikwa na sufu, wapi manyoya ni mazito na wapi yamepungua. Achore kwa kucha, wewe ufuate kwa chaki, ukate. Slipa zikiisha, zipitie mkononi mwake kabla ya kufungwa: aweke mkono wa kushoto ndani ya moja na wa kulia ndani ya nyingine, afumbe macho, akuambie kama zinalingana. Atazikamata kasoro ambazo wewe mwenye macho mazima zingekupita. Na kuna ile sauti ya kisu. Umeniandikia habari yake kwa mistari miwili na mimi bado naisikia. Atakaa kando yako ukikata, na kisu kikizama atajua kabla yako.

Haya si mambo ya kumbembeleza mzee ajione ana maana. Ngozi zenu zinatoka mbali na ni ghali; mtu anayejua kuigawa ngozi moja iwe jozi 3 badala ya 2 ndiye anayeweka faida ndani ya nyumba. Mwambie hivyo, kwa lugha ya hesabu. Ataielewa kuliko lugha ya huruma.

Nije kwa kaka yako. Simwoni kama mtu mbaya. Amerudishiwa jozi 14 na yeye ndiye anayesikia simu za wateja. Lakini kwa manyoya ya kitambaa sikubaliani naye hata kidogo. Mwambie achomoe unyoya mmoja wa kitambaa kile auwashe kwa kiberiti. Utayeyuka na kuganda kitone kigumu. Kisha achome unyoya mmoja wa ngozi zenu: utanuka kama nywele zilizoungua, ukiuondoa motoni utazimika wenyewe, na majivu yake yatasagika vidoleni. Mteja hafumui kiatu, ni kweli, ila mguu wake unajua. Sufu huweza kunyonya mvuke hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mtu hajahisi unyevu, ndiyo maana mguu uliolowa ukiingia humo huwa mkavu na wa joto. Nyuzi za plastiki haziwezi, jasho hubaki na mguu. Mgeni aliyeshuka milimani na matope ataijua tofauti usiku wa kwanza, na lodji iliyowahi kurudisha jozi 14 haitarudisha za pili, itaacha tu kuagiza. Akitaka kuuza slipa za kitambaa, aziuze kwa jina lake la kitambaa na kwa bei yake. Hiyo ni biashara halali na sina ugomvi nayo. Kuziita ngozi ya kondoo ni wizi, na jina litakalochafuka ni la baba aliyetembea nalo tangu 1994. Habari ya mashine ya kukatia mtaipigia hesabu baadaye, haina haraka.

Kuhusu kuandikisha biashara kwa jina lake kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, ajue kwamba sheria haiko upande huo. Sheria ya mirathi ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2022, mtu akifa bila wosia mke huchukua asilimia 20, watoto wote 75, ndugu wanaomtegemea 4, na mrithi wa kimila, yule anayetambuliwa kwa desturi za kabila, asilimia 1. Moja tu, mwanangu. Lakini sheria hiyohiyo nawe haikutazami vizuri: kwenye zile 75 miaka yako yote ya kisu na uzi haihesabiwi, utagawana na kaka yako na mwalimu wa Mbale kama watoto sawa. Nimeona pia kwamba umeniandikia hesabu ya kila kitu isipokuwa ya kazi yako. Hukusema unalipwa nini. Nahofia hulipwi, unakula na kulala hapo basi, na kwa kuwa ni kwa baba hujawahi kuuliza.

Kwa hiyo baba akishapimwa, akishatulia, ninyi watatu na wazazi mkae. Mkae naye akiwa mzima na akili zake, yeye ndiye aseme. Iandikwe karatasi: nani ana sehemu gani, nani anafanya nini, nani analipwa nini kwa mwezi. Kisha mkaisajili kwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, kama ubia au kama kampuni, mtaelekezwa hukohuko ofisini. Una hofu kwamba ukisema ukweli kaka atapata anachokitafuta. Naona kinyume chake. Madhali mzee amefichwa, anayejua siri ndiye mwenye nguvu, na kaka yako anaijua. Siku baba atakapojua yote, atakuwa tena mwenye benchi, na hakuna atakayempangia akiwa chumbani.

Mama yako ana busara, alipokuambia benchi ndilo linalomwamsha alisema kweli tupu. Mpe heshima hiyo. Mwambie tu kwamba sasa siku tisa benchi halijamwamsha mtu.

Lodji waandikie wewe mwenyewe, kwa ufupi, kwamba jozi 14 zitashonwa upya na zitafika tarehe fulani, na tarehe hiyo uiheshimu. Usiwaeleze habari za baba. Hayo ni ya nyumbani.

Na usiku wa leo usifumue kitu chochote. Ziache slipa zilivyo mezani, zima taa, ukalale na mwanao.

Shangazi